Nyambizi ya Zamani Ikuzwe, ya Kisasa Ipunguzwe

Kijana mmoja wa Mombasa ameniandikia baada ya salamu ndefu za heshima akitaka kujua anunue modeli ya nyambizi ya skeli gani (yaani uwiano wa ukubwa wa modeli na chombo halisi), na baada ya hapo aongeze vifaa gani vya ziada. Ana rafu ya sentimita 60, ana fedha za seti moja tu kwa mwaka huu, na hajaamua kama anaipenda zaidi nyambizi ya Kijerumani ya Vita vya Pili vya Dunia au ile kubwa ya Marekani inayobeba makombora. Swali lake limenikuta nikiwa na furaha ambayo sina sababu ya kuificha: I-27 yangu, nyambizi ya Kijapani ya skeli 1/350, imepata nafasi ya kwanza katika daraja lake kwenye maonyesho ya wajenzi wa modeli huku kaskazini mwa Ujerumani ninakoishi. Modeli hiyohiyo, katika maonyesho ya mji mwingine mwaka jana, ilipitwa na mwamuzi aliyeniambia mbele za watu kwamba kitu kidogo namna ile kingefaa meza ya watoto. Sijalisahau neno hilo, na nakiri kwamba mwaka huu nilimtafuta ukumbini kwa macho, nikitumaini kwamba atapita karibu na meza yangu.

Mwamuzi yule alipima kwa macho ya mtu wa meli za kivita, ambako ukubwa huleta mizinga, milingoti, boti na mabaharia. Nyambizi ina hesabu yake yenyewe. Ni ndefu na nyembamba, sehemu kubwa ya mwili wake ni tupu, na karibu kila kinachovutia macho kimekusanyika kwenye mnara na kwenye sitaha. Ndiyo maana kabla ya kutazama bei au picha ya sandukuni mimi hujiuliza kama chombo chenyewe kina cha kuonyesha kikikuzwa. Nyambizi za zamani, zilizotumia muda wao mwingi juu ya maji, zina matundu mengi ya kutolea maji ubavuni, sitaha ya mbao, mizinga, vyuma vya kushikilia, nyaya na milango, kwa hiyo zinastahili skeli kubwa kadiri nyumba inavyoruhusu. Nyambizi za nyuklia zimelainishwa makusudi ili zipite kimya chini ya maji, na ukizikuza unachopata ni bomba jeusi refu zaidi.

Hesabu zenyewe ni rahisi: chukua urefu halisi, ugawe kwa namba ya skeli. Nyambizi ya Kijerumani ya aina ya VIIC, ambayo ndiyo iliyoundwa kwa wingi kuliko zote, ilikuwa na urefu wa mita 67.1. Katika skeli 1/48 itakuwa na sentimita 140, katika 1/72 sentimita 93, katika 1/144 karibu sentimita 47, katika 1/350 sentimita 19, na katika 1/700 haifiki sentimita 10. Sasa chukua nyambizi ya Marekani ya daraja la Ohio, yenye urefu wa mita 170 hivi. Katika 1/144 inapita mita moja na sentimita 18, na karibu urefu wote huo ni mgongo mtupu wenye mistari ya milango ya makombora. Katika 1/350 ina sentimita 49 na haijapoteza chochote cha maana. Nimewaona watu wakilipa fedha nyingi kwa mita hiyo moja ya weusi, kisha wakalalamika kwamba modeli yao haina uhai.

Anayetaka kuielewa tofauti hii bila hesabu, na akapata nafasi ya kufika huku, aende Laboe karibu na Kiel, ambako U-995 imewekwa nchi kavu ufukweni tangu 1972. Ni ya aina ya VIIC/41, iliyoundwa Hamburg. Mimi huenda pale kila nipatapo nafasi, na watalii wengine wanapokimbilia ndani kutazama vitanda na mitambo, nabaki nje nikitembea kutoka omo (mbele) hadi shetri (nyuma), nikitazama jinsi matundu yalivyopangwa, jinsi matangi ya farumi (ya maji ya kuizamisha na kuielesha) yanavyovimba ubavuni, na jinsi jukwaa la mizinga lililo nyuma ya mnara lilivyozungushiwa vyuma vyembamba. Vyuma hivyo ndivyo vinavyoamua suala la vifaa vya ziada, na hapo ndipo wauzaji wanapotupoteza.

Chukua bomba la kushikilia lenye unene wa sentimita 3. Katika skeli 1/72 linakuwa na unene wa milimita 0.4, kiasi ambacho plastiki inaweza kukikaribia, na waya wa shaba wa unene huo unapatikana na unapindika vizuri. Katika 1/350 bomba hilohilo linapungua hadi chini ya milimita 0.1. Kiwanda kikilimwaga kwa plastiki yenye unene wa milimita 0.4 katika skeli hiyo ndogo, umepata bomba ambalo kwenye nyambizi halisi lingekuwa na unene wa sentimita 14, na hakuna baharia ambaye angeweza kulizungushia vidole vyake. Kwa sababu hiyo, katika 1/350 na 1/700 vipande vya bati la shaba vilivyokatwa kwa tindikali, kama vile vya kampuni ya Eduard, vinastahili bei yake. Katika 1/72 mambo yanageuka: bati hilo ni bapa, bomba ni duara, na jicho linaiona tofauti mara moja. Katika skeli hiyo nunua bati kwa ajili ya sitaha, matundu na vifuniko, lakini vyuma vya mviringo vifanye kwa waya. Mizinga pia ina hesabu yake. Tundu la mzinga wa sentimita 8.8 linakuwa na milimita 1.2 katika 1/72, kwa hiyo mtutu wa shaba uliochongwa kwa mashine utaonekana. Katika 1/350 tundu hilo ni robo ya milimita, na ncha ya sindano pamoja na tone la rangi nyeusi vinatosha.

Mtu makini atauliza kwa nini basi I-27, chombo cha zamani chenye vitu vingi juu yake, niliijenga katika 1/350. Urefu wake ulikuwa mita 108.7, na katika 1/72 ingehitaji mita moja na nusu, nami naishi katika nyumba ya kupanga pamoja na mke na watoto. Lakini nilikuwa na sababu ya kuitaka nyambizi hiyo na si nyingine. Mapema Februari 1944, meli ya Khedive Ismail iliondoka Kilindini, bandari ya Mombasa, katika msafara wa kwenda Colombo, ikiwa imebeba wanajeshi na wauguzi, wakiwemo mamia ya askari wa Kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki. Tarehe 12 Februari, karibu na Maldivi, I-27 iliipiga kwa topido. Meli ilizama katika muda wa dakika mbili hivi, na watu zaidi ya 1,200 walikufa. Manowari za Uingereza Petard na Paladin ziliiwinda nyambizi hiyo siku ileile mpaka ikazama. Huku Ujerumani kila mjenzi wa modeli anaijua VIIC kwa moyo, lakini mezani kwangu watu wa makamo walisimama wakasoma kibao changu na kuniuliza Kilindini iko wapi. Yule mwamuzi wa mwaka jana hakukisoma.

I-27 ilikuwa ya aina ya B1, yenye banda la ndege mbele ya mnara, njia ya kurushia ndege kwenye sitaha ya mbele, na mzinga wa sentimita 14 nyuma. Hapo bati la shaba lilifanya kazi ambayo plastiki isingeweza: reli za kurushia ndege, kreni ya kuinulia, na vyuma vya mnara. Nyaya nilizivuta kwa uzi mwembamba unaonyumbuka, kwa sababu uzi mgumu hulegea joto linapobadilika au hukatika mtu anapougusa. Sikununua mabaharia. Mtu wa mita 1.75 katika skeli hiyo ana milimita 5, na akipakwa rangi vibaya anaiharibu modeli nzima.

Rangi nayo hufuata skeli. Kadiri modeli inavyokuwa ndogo, ndivyo rangi inavyopaswa kupunguzwa ukali kwa matone ya kijivu au nyeupe, kwa kuwa unaitazama kana kwamba uko mbali nayo. Nyambizi ya kisasa usiipake nyeusi tupu hata mara moja. Tumia kijivu kilichokolea sana, kisha sehemu ndogondogo zitofautishe kidogo, kwani nyambizi nyingi za nyuklia zimevikwa vigae vya mpira ambavyo havizeeki kwa usawa. Kwa chombo cha namna hiyo fedha ya vifaa vya ziada iende kwenye rangi na msasa mzuri, kwa sababu kwenye mwili laini kosa dogo la kiungio halina mahali pa kujificha.

Ndugu zangu, tuache tabia ya kununua shaba kabla ya kununua subira. Nawaona vijana wakionyesha bahasha za vifaa vya ziada zilizopangwa kama sampuli dukani, na sanduku la modeli chini yake halijafunguliwa. Jenga kwanza mwili, funga kiungio, piga msasa, uone kama una hamu ya kuendelea. Bahasha ya shaba haiozi, na baadaye utajua ni vipande vipi unavihitaji na vipi vitabaki humo milele.

Basi, mdogo wangu wa Mombasa, kwa rafu ya sentimita 60 chukua VIIC ya 1/144, ambayo itakuachia sentimita 13 za kupumua. Kampuni ya Revell imetoa ya aina ya VIIC/41 katika skeli hiyo. Ukiielekea zaidi ile ya Marekani, chukua Ohio ya 1/350, wala usinunue kifaa chochote cha ziada isipokuwa miguu miwili ya shaba ya kuisimamishia. Rangi na gundi za petroli hazikubaliwi kwenye vifurushi vya ndege, kwa hiyo agiza rangi za maji au tafuta za huko. Vipande vya shaba vioshe kwa sabuni na uvipake rangi ya msingi mapema, kwa sababu hewa ya chumvi ya pwani huvitia weusi, na rafu yenyewe iweke mbali na dirisha la magharibi, maana jua la alasiri linaweza kuupinda mwili mrefu wa plastiki hata kama umeunganishwa vizuri.