Vidonge vya garsinia na seli za mafuta: jibu kwa dada wa Kondele

Dada, umeuliza kama vidonge vya garsinia (tunda la Asia) unavyouziwa vya kupunguza uzito vinaua seli za mafuta, au bora ule tu mapera na zambarau. Mimi niko kwenye kemisti hapa Kisumu na wateja huniuliza jambo hili sana, hasa akina mama waliotoka kujifungua. Jibu langu: vidonge viache, mapera kula.

Nilipokuwa chuoni niliwahi kulea seli za mafuta maabarani, zile za panya zinazoitwa 3T3-L1. Unaziwekea insulini na dawa nyingine, na baada ya wiki moja na kitu zinajaa matone ya mafuta. Ukizitia rangi nyekundu unayaona waziwazi kwenye hadubini. Sasa zimwagie kwersetini, kemikali iliyomo kwenye mapera, matufaha na vitunguu. Matone yanapungua kweli, nimeyaona. Lakini pale kemikali inaigusa seli moja kwa moja, tena kwa kipimo kikubwa. Ukiimeza, utumbo unafyonza kidogo tu, na hicho kidogo utumbo na ini hukigeuza kabla hakijasambaa mwilini. Wauzaji wanachukua habari ya kwenye kisahani cha maabara na kuiuza kama habari ya tumbo lako.

Garsinia ina asidi ya haidroksisitriki, ambayo huzuia kimeng'enya (protini inayoendesha kazi za kemikali mwilini) kinachotumika kugeuza wanga kuwa mafuta. Ndiyo maana watu waliitumainia. Basi mwaka 1998 yalichapishwa Marekani matokeo ya utafiti wa watu 135 wenye uzito mkubwa: kwa wiki 12 baadhi walipewa miligramu 1500 za asidi hiyo kila siku, wengine vidonge visivyo na dawa. Garsinia haikuwapunguza watu uzito kuliko vile vidonge vitupu. Na kuna wagonjwa walioumia ini baada ya kuitumia. Hilo ndilo linalonikosesha raha.

Halafu, hata anayepungua kwa chakula na mazoezi hapotezi seli za mafuta. Utafiti uliotoka Sweden mwaka 2008 ulionyesha kwamba kwa mtu mzima idadi ya seli hizo haibadiliki sana. Karibu asilimia 10 hufa kila mwaka na nyingine huchukua nafasi. Ukipungua, seli zinanywea tu.

Mapera uyale mazima, na ganda lake, badala ya mandazi ya saa nne. Nyuzinyuzi zinashibisha. Juisi iliyotiwa sukari usiihesabu. Zambarau nazo kula zikiwa msimu.

Kati ya matunda, balungi ndilo la kuangalia. Kama unameza nifedipini ya presha au simvastatini ya kolesteroli, balungi hupandisha kiwango cha dawa kwenye damu, kwa hiyo uliza kwanza.

Na kama umeshaanza vile vidonge, acha leo. Ukiona macho ya manjano, mkojo mweusi kama chai ya rangi, au maumivu chini ya mbavu za kulia, nenda hospitali upimwe ini, na chupa uibebe daktari aione.