Stoo Ikipata Risiti Namba 1, 4 na 7 Tu

Msomaji mmoja wa Kigoma ametuandikia. Mzigo ukipokelewa kwenye ghala lao karibu na bandari, programu inatuma ujumbe mmoja unaotakiwa kufika sehemu tatu: stoo, uhasibu, na kwenye programu ya SMS inayomjulisha mwenye mzigo aliyeko Bujumbura au Kalemie. Lakini stoo inaona risiti 1, 4 na 7, uhasibu 2, 5 na 8, na SMS zinakwenda za 3, 6 na 9. Anauliza kama ni intaneti inayokula ujumbe.

Hapana, ndugu yetu. Mpangilio huo wa namba unaonyesha kwamba programu zote tatu zinasoma foleni moja ya RabbitMQ, programu inayopokea ujumbe na kuuweka kwenye foleni hadi msomaji auchukue. Foleni moja yenye wasomaji watatu inawagawia kwa zamu, kwa sababu kazi yake ni kugawa, si kunakili. Anayetaka nakala yake lazima awe na foleni yake.

Tengeneza eksichenji (exchange, sehemu inayopokea ujumbe na kuupeleka kwenye foleni) moja ya aina ya fanout, yaani inayonakili ujumbe kwa kila foleni iliyounganishwa nayo, kisha foleni tatu, na kila foleni uiunganishe (bind) na eksichenji hiyo. Mtumaji anatuma kwenye eksichenji tu, wala hahitaji kujua wapokeaji ni wangapi. Foleni ziwe durable (za kudumu), na ujumbe uwe na delivery_mode 2 (uhifadhiwe kwenye diski), ili umeme ukikatika na seva ikazimika, ujumbe ukutwe pale pale.

Hapa ndipo wengi wanapoumia: foleni ambayo haijaunganishwa na eksichenji wakati ujumbe unatumwa haitaupata kamwe, na hakuna kosa litakaloandikwa popote. Alama ya mandatory ambayo mtumaji anaweza kuiweka kwenye ujumbe haitakuokoa, maana inamrudishia ujumbe pale tu ambapo haukupata foleni hata moja. Mbili zikiwepo na ya tatu ikikosekana, RabbitMQ inaona mambo ni sawa. Kwa hiyo foleni zote zitengenezwe na kuunganishwa kabla mtumaji hajawashwa.

Mpokeaji aithibitishie RabbitMQ (ack) kwamba ujumbe umeshughulikiwa baada ya kuandika kwenye databesi, si anapopokea tu. Akianguka katikati, ujumbe utarudi kwenye foleni, na ukirudi unaweza kuingia mara mbili. Weka namba ya risiti kuwa ya kipekee kwenye jedwali. Tafadhali msiliache hili mkidhani ni pambo: mteja akidaiwa mara mbili kwa mzigo mmoja, hakuna maelezo ya kiufundi yatakayomtuliza.

Foleni ya SMS iwekee ukomo wa muda, x-message-ttl ya 86400000, yaani saa 24 kwa milisekunde. Msomaji wake akilala wiki nzima, foleni inavimba, na seva ikiishiwa kumbukumbu RabbitMQ inawazuia watumaji wote. Mpokeaji asiye wa lazima anasimamisha ghala zima! Ya uhasibu usiiwekee ukomo huo.

Kwa mnaotumia Apache Camel, maktaba ya Java ya kuunganisha programu, amri ya multicast() inapeleka ujumbe kwa mpokeaji mmoja baada ya mwingine. SMS ikichukua sekunde 30, aliye nyuma yake anasubiri sekunde 30, isipokuwa umeongeza parallelProcessing(), inayowapelekea kwa pamoja. Mmoja akifeli, wengine wanaendelea. Ukiongeza stopOnException() inakatiza, ila haiwezi kurudisha kilichokwisha kupelekwa. Tena nakala zake ni za juu juu: uhasibu wakibadilisha kitu kilichomo ndani ya ujumbe, stoo inaweza kukikuta kimebadilika. Tumia onPrepare kunakili kwa ukamilifu. Kama wapokeaji wanategemea mzigo unakwenda wapi, chukua recipientList(), inayopanga orodha ya wapokeaji kwa kila ujumbe.

Kwenye Kafka, mfumo mwingine wa kupitisha ujumbe, kila programu iwe na group.id (jina la kundi la wasomaji) yake, basi.

Ukimaliza, jaribu hivi. Zima programu ya SMS, tuma risiti 20, fungua ukurasa wa usimamizi wa RabbitMQ kwenye poti 15672. Foleni ya stoo na ya uhasibu zisome 0, ya SMS isome 20. Iwashe SMS na hesabu tena.