Beringi za gololi kwenye tabo ya 1KD: msuguano unakaa wapi, na uanzie wapi kuupunguza

Mkuu, umeuliza kama ukitoa tabo (turbo, kifaa kinachosukumia injini hewa) ya bushi kwenye Hilux yako yenye injini ya dizeli ya 1KD na kuweka ya beringi za gololi, gari litavuta mapema na kula mafuta kidogo. Kuvuta mapema, ndiyo. Mafuta, tofauti ni ndogo sana. Na ukifunga gololi kwenye injini yenye oili chafu, umenunua hasara ya bei kubwa.

Kwanza ujue msuguano wenyewe uko wapi. Ndani ya tabo ya kawaida, shafti inazunguka kwenye bushi mbili zinazoelea, yaani pete za chuma zinazoizunguka. Kuna utando wa oili kati ya shafti na bushi, na utando mwingine kati ya bushi na nyumba yake. Bushi nayo inazunguka, ila polepole, tuseme robo ya mwendo wa shafti. Shafti ya mm 8 ikienda mizunguko 150,000 kwa dakika, uso wake unapita kwenye oili kwa zaidi ya mita 62 kwa sekunde. Kwa kuwa bushi inafuata nyuma, tofauti ya mwendo inashuka hadi kama mita 47, na joto linalozalishwa kwenye utando wa ndani linapungua. Joto hilo ndilo nguvu iliyotoka feni ya moto, inayozungushwa na moshi wa eksozi, ikashindwa kufika feni ya baridi, inayosukuma hewa kwenye injini.

Sehemu inayosahaulika ni trasti, kile kibao kinachozuia shafti isiende mbele na nyuma. Kipenyo chake ni kikubwa kuliko cha shafti, kwa hiyo oili inakatwa kwa mwendo mkali zaidi, na inapoteza nguvu muda wote hata kama mzigo ni mdogo. Ukisikia tabo ya gololi inawahi kuamka, yaani kuanza kusukuma hewa mapema, sababu kubwa ni hii: gololi zake zimepangwa kwa pembe, zinabeba mzigo wa pembeni na wa mbele-nyuma kwa pamoja, hivyo kibao cha trasti kinaondoka kabisa.

Kwa nini basi watengenezaji wasipunguze tu shafti? Wanafanya hivyo, lakini kuna bei yake. Kwa urefu, nafasi ya oili na mwendo uleule, nguvu inayopotea inafuata kipenyo kwa kipeo cha tatu (kipenyo × kipenyo × kipenyo). Ukitoka mm 8 kwenda mm 7, unaokoa karibu theluthi moja. Ila ugumu wa shafti kupinda unafuata kipenyo kwa kipeo cha nne, kwa hiyo unapoteza kama asilimia 41 ya ugumu. Shafti laini inapinda kwenye mwendo wa juu na feni inagusa nyumba. Kupanua nafasi ya oili nako kunapunguza msuguano, lakini shafti inaanza kuyumba ndani ya utando wake, tabo inalia, na muhuri unachakaa. Kila sehemu ya mia ya milimita ina kazi hapo. Fundi anayechonga bushi kwa kukadiria anaharibu tabo nzima.

Gololi nzuri ni za kauri, silikoni nitraidi. Uzito wake ni kama asilimia 40 ya chuma, kwa hiyo mwendo wa kasi hauzikandamizi sana kwenye njia yake. Mercedes-AMG waliweka beringi za kuviringika kwenye tabo ya injini ya M139 mwaka 2019, na gari lao la C43 la mwaka 2022 likaja na mota ya umeme ya volti 48 kwenye shafti ileile. Beringi zisizotumia oili kabisa, zinazoelea kwenye hewa, nazo zimefanyiwa majaribio. Tatizo lake ni kwamba zinasuguana kila unapowasha na kuzima, kabla hewa haijanyanyua shafti. Gari la mjini linawashwa mara nyingi mno kwa siku.

Sasa turudi kwako. Tabo ya 1KD ina mapezi yanayofunguka na kufunga upande wa eksozi. Yakiganda kwa masizi, gari linachelewa kuvuta, na dalili zinafanana kabisa na beringi nzito. Kagua mapezi kabla hujanunua chochote.

Kisha fuata oili. Kwenye 1KD, washa (pete bapa) za shaba chini ya nozeli za dizeli zikivuja, moshi wa mwako unaingia kwenye oili, unageuka lami na kuziba chujio la mdomo wa pampu ndani ya sampu, bakuli la oili chini ya injini. Presha inashuka na tabo ndiyo inaumia mapema. Toa sampu ulitazame chujio hilo. Kubadilisha tabo bila kulitazama ni kupeleka tabo mpya kwenye ugonjwa uleule.

Ukifungua tabo ya zamani, soma bushi. Rangi ya bluu kwenye shafti ni njaa ya oili. Mikwaruzo ya duara iliyopangana ni uchafu uliopita na oili. Kaboni ngumu nyeusi upande wa moto, na vitundu vya bushi vimeziba, ni kuzima injini ikiwa bado moto: oili imesimama ikaungua. Trasti iliyolika upande mmoja tu, tafuta eksozi iliyoziba au bomba la hewa linalovuja. Na usiitupe tabo kwa sababu ncha ya shafti inacheza kwa pembeni ikiwa kavu. Kwenye bushi mchezo wa hadi nusu milimita hivi unaweza kuwa wa kawaida. Mbele-nyuma ndiko kwa kuogopa: ukipita 0.1 mm kwenye tabo nyingi ndogo, trasti imekwisha. Pima kwa geji ya saa, vidole vinadanganya.

Ukiamua gololi, mambo haya hayana mjadala. Gololi zinataka oili kidogo: weka kizuizi chenye tundu la takriban mm 1, presha kwenye mlango isizidi baa 3 hivi injini ikiwa kwenye mwendo wake wa juu. Tabo ya bushi usiiwekee kizuizi hicho, itakufa. Chujio liwe la mikroni 10 au dogo zaidi. Bomba la kurudishia oili lisibanwe, lishuke bila kona, na tabo isiinamishwe zaidi ya nyuzi 35 kutoka wima. Oili ikikwama itatoka kwenye mihuri, na watu watasema tabo mpya inavuja. Usipake silikoni kwenye flenji ya mlango wa oili hata kidogo, kipande kimoja kinaziba tundu la mm 1. Kabla ya kuwasha, jaza oili safi mlangoni, zungusha shafti kwa mkono, kisha piga stata bila injini kushika mpaka taa ya oili izime. Njia za maji lazima ziunganishwe, na tundu la kutokea liwe juu kidogo kuliko la kuingilia, ili maji ya moto yaendelee kupanda yenyewe baada ya kuzima injini.