Kifuniko Kulia Si Kushika

Plamu zikianza kumwagika sokoni mwezi wa Desemba, swali ninaloulizwa na wanaotengeneza jamu nyumbani ni lile lile: "Kifuniko kimelia tak! Si basi kimeshika?"

Labda. Kushika ni kuziba kabisa, hewa isiingie. Chupa inapopoa, mvuke na hewa iliyobaki juu ya jamu hunywea, kifuniko kikavutwa chini, ndipo ule mlio ukasikika. Ni dalili njema, lakini kuna vifuniko vinavyoshika kimya kimya, na vingine hulia jioni vikaachia usiku. Ngoja kesho. Ziweke chupa juu ya taulo, mbali na upepo, kwa saa 12 hadi 24, bila kuzigusagusa. Usirudi kukaza vifuniko zikiwa bado moto. Wala usizipindue kichwa chini, hata kama shangazi amefanya hivyo miaka yote. Kifuniko hushika kijuujuu tu, ukadhani kazi imeisha.

Asubuhi, tumia kidole. Bonyeza katikati ya kifuniko. Kikishuka na kupanda, tik-tik, hakijashika. Kilichoshika hakitikisiki. Kisha inama mpaka jicho lilingane na kifuniko, mwanga ukitoka upande wa pili: utaona kimezama kidogo katikati. Wengine hugonga kwa kijiko wakasikiliza mlio mwangavu. Mimi kijiko sikitegemei, maana jamu ikigusa kifuniko sauti huwa butu hata kama kimeshika sawasawa.

Kama una vifuniko vya vipande viwili, yaani kipande bapa na pete ya kukikaza, fungua pete, shika kile kipande bapa kwa ncha za vidole, uinue chupa kidogo tu juu ya meza. Kikiibeba, kimeshika. Lakini wengi wetu hapa Nairobi tunatumia chupa za mayonezi na za jamu ya dukani, zenye kifuniko kimoja cha kuzungusha. Hizo ni kidole na jicho tu. Kifuniko kilichowahi kufunguliwa kwa kuchokonolewa na kisu, au ambacho mpira wake wa ndani umechakaa, usikipe nafasi. Nunua kipya kwenye maduka ya vifungashio. Vifuniko bapa vya vipande viwili ni vya kutumika mara moja.

Chupa nyingi zinazokataa kushika zina jamu iliyodondokea ukingoni. Pangusa ukingo kwa kitambaa safi chenye maji moto kabla ya kufunika, na uache nafasi ya milimita 6 hivi juu.

Halafu kuna suala la mwinuko, ambalo mapishi ya Uingereza hayatakwambia. Jiji letu liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na maji yetu huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100. Pakiandikwa uchemshe chupa zilizokwisha kufunikwa dakika 5 ndani ya maji yanayochemka, hapa hesabu 10. Aliye Limuru au Kikuyu ahesabu 15.

Chupa isiyoshika si ya kutupa siku hiyo. Ndani ya saa 24 unaweza kuichemsha jamu upya, ukabadilisha kifuniko na kuirudisha kwenye maji. Mimi huitia friji tu tukaila kwanza, kwa sababu jamu ikichemshwa mara ya pili huwa ngumu. Ila ukikuta kifuniko kimeachia au kimefura baada ya wiki mbili kabatini, mwaga. Usionje, na usikwangue ukungu ili ule kilichobaki.

Jamu ya papai au embe lililoiva sana isipotiwa limau ya kutosha inaweza kukosa asidi, na hapo kifuniko kilichoshika vizuri hakikulindi: bakteria wa botulinamu, wanaotoa sumu kali, hustawi pasipo hewa.

Pete nazo ziondoe kabla ya kupanga chupa kabatini. Zikibaki, kifuniko kilichoachia kitaendelea kuonekana kimefungwa.