Fila chini ya macho: upande mmoja bado umevimba

SWALI: Shikamoo daktari. Fila (kijazio cha ngozi kinachodungwa kwa sindano) niliyowekewa chini ya macho iliacha uvimbe wa rangi ya samawati. Juzi nikachomwa sindano ya kuiyeyusha. Kulia kumekaa sawa, kushoto bado kuna kifundo. Nirudie kesho? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kesho hapana! Kimeng'enya cha hayaluronidesi, dawa ya hiyo sindano ya kuyeyusha, huanza kazi ndani ya saa chache, lakini sindano yenyewe huvimbisha, na ngozi ya pale ni nyembamba mno. Ngoja kama wiki 2, ndipo macho yote mawili yatazamwe upya.

Kwanza dai jina la fila kwa maandishi. Kimeng'enya hiki huyeyusha fila ya asidi ya hayaluroniki tu. Fila ya Radiesse, yenye chembe za kalsiamu, hakiiwezi. Ikiwa yako ni ya asidi hiyo, dozi ndogo upande wa kushoto pekee huenda ikatosha. Kama nyuki waliwahi kukuuma ukavimba vibaya, mwambie daktari kabla hajakuchoma, maana dawa hii inaweza kuleta mzio.

Na usikubali kujazwa fila kulia ili kulingane na kifundo. Ushauri huo hunikera kila nikiusikia. Ukiona ukungu au jicho likiuma sana, nenda hospitali saa hiyohiyo.