Pesa za wafuasi wa mwanaharakati zinatozwa kodi?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Niko Masasi, mtandaoni nazungumzia bei ya korosho na siasa za gesi. Wafuasi hunitumia pesa kwa simu, na duka moja la pembejeo hunilipa nitangaze salfa yao, dawa ya mikorosho. Kijana wa steshenari anasema nimpe laki tatu anisajilie NGO, sitadaiwa kodi kwa kuwa napigania wanyonge. Kweli?

JIBU: Marahaba. Si kweli, na hiyo laki tatu kaa nayo.

Hili la "napigania wanyonge" nalisikia kila mara hapa Mtwara, na limenichosha. Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 haiulizi unampigania nani, inauliza pesa imeingia kwa sababu gani. Ya salfa haina mjadala: ni biashara, na malipo ya watengeneza maudhui yana kodi ya zuio, yaani inayokatwa na anayekulipa kabla hajakupa pesa, ya asilimia 5. Wakikukata, dai cheti chake.

Wengi hujikwaa kwenye pesa za wafuasi. "Nimepewa zawadi," wanasema. Kifungu cha 8 kinaitaja zawadi inayohusiana na biashara ya mtu kuwa ni sehemu ya mapato ya biashara hiyo. Shangazi akikutumia elfu hamsini ya msiba, huo ni undugu. Lakini umeweka namba ya simu chini ya kila video, umeandika "niwezesheni niendelee kusema", nao wanakuwezesha. Hicho ni kipato cha kazi yako.

Kuhusu NGO, hawa vishoka wana hatari. Chini ya sheria ya 2002 haitakiwi kuegemea chama wala kugawana faida, na kusajiliwa tu hakukusamehi kodi. Hadhi ya taasisi ya hisani huombwa kwa Kamishna wa TRA, Mamlaka ya Mapato, kwa kuonyesha hisani yenyewe. Ukilipia humo pango la nyumba yako, umejitafutia kesi ya pili, na kishoka atakuwa keshahamia Nanyumbu.

Nitoke kwako kidogo. Tangu vurugu za gesi za 2013, Kusini haijakosa wasemaji, na msimu wa 2018, Serikali ilipotangaza kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, kila mwenye bando alikuwa mchambuzi. Kusema si kosa. Ila kuna bahasha za mgombea anayetaka mpinzani wake atukanwe, au za mnunuzi mwenye lake mnadani, na anayepokea anajiita sauti ya mkulima. TRA ikiomba hesabu, analia ananyamazishwa. Huenda kweli yupo anayetaka anyamaze. Sasa kwa nini umpe mtu huyo sababu ya bure?

Tenga laini ya michango, usiichanganye na ya nyumbani. Andika tarehe, kiasi, aliyetoa na ya nini. Ukitunza hesabu kamili, bando na nauli ya kwenda mnadani Tandahimba hupunguza faida inayotozwa, mradi ziwe na risiti. Tunza kumbukumbu hizo miaka 5. Na mkulima aliyekutumia elfu mbili akiuliza zilikokwenda, mfungulie daftari hilohilo.

TIN, namba ya mlipakodi, ni bure, usimlipe mtu.