Pumu ya ngozi kwa mtoto: kwa nini inarudi krimu ikiisha

Dada, umeuliza mambo mawili: kwa nini vipele vya mwanao wa miaka miwili, vilivyo kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti, vinaondoka akipakwa krimu aliyoandikiwa hospitali halafu vinarudi palepale krimu ikiisha, na kama ni kweli steroidi, yaani dawa za kutuliza ngozi zilizo kwenye krimu kama hiyo, zinaharibu ngozi. Mwanangu wa kwanza ana pumu ya ngozi (ekzema) tangu uchanga. Ilimwanzia mashavuni, akakua nayo ikahamia kwenye mikunjo. Nitakueleza tunavyoishi nayo nyumbani kwa maelekezo ya daktari wa ngozi.

Inarudi kwa sababu krimu ile kazi yake ni kutuliza ngozi ikishachachamaa. Haigeuzi asili ya ngozi. Watoto hawa wanazaliwa na ngozi isiyotunza unyevu vizuri, na mara nyingi utakuta kwenye ukoo kuna mwenye pumu ya kifua au aleji ya mafua. Ngozi ikikauka inapata nyufa ndogo zisizoonekana, sabuni na jasho vinapenya, mwasho unaanza. Mtoto anajikuna, anajichubua, na penye mchubuko panawasha zaidi. Kwa hiyo kazi kubwa unaifanya siku ambazo hakuna kipele hata kimoja, na kazi hiyo ni kumpaka mafuta ya kulainisha ngozi.

Mafuta apakwe kila siku, asubuhi na jioni, mwili mzima, hata ngozi ikiwa imetulia kabisa. Hapa ndipo wazazi wengi tunapaka kidogo mno. Mwongozo wa matibabu wa Uingereza unataja gramu 250 hadi 500 kwa wiki kwa mtoto mwenye tatizo hili, maana yake kopo dogo la mafuta si la kukaa miezi. Kuhusu aina, usihangaike na vya bei kubwa. Mafuta ya mgando ya kawaida yasiyo na manukato yanafanya kazi vizuri sana. Watafiti wa Bristol walilinganisha losheni, krimu, jeli na mafuta mazito kwa watoto 550, na matokeo yaliyotoka mwaka 2022 hayakuonyesha aina iliyozidi nyingine kwa kupunguza ugonjwa. Bora ni ile ambayo mtoto anaikubali na wewe unaimudu kila siku. Mwanangu mchana hapendi kunata, basi mchana anapakwa krimu ya kulainisha, si ile ya dawa, na mafuta mazito yanabaki kwa usiku.

Mafuta ya zeituni yaache, hata kama yanasifiwa kuwa ya asili. Yamechunguzwa na kuonekana yanadhoofisha ngozi badala ya kuilinda. Na chochote chenye harufu nzuri, hata kama kopo lina picha ya mtoto mchanga, mimi sikigusi.

Namna ya kupaka nayo ina maana. Chota kwa kijiko safi, usitumbukize vidole ndani ya kopo, maana vidole vinaingiza vijidudu. Lainisha mafuta kati ya viganja mpaka yapate joto, kisha teleza mkono kushuka chini, kufuata vinyweleo vinavyolala. Usisugue kwenda na kurudi, kwa sababu kusugua kunaamsha mwasho na kunasukuma mafuta kwenye vishimo vya vinyweleo, vikatoka vijipu. Muda mzuri ni mara tu baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevunyevu. Tahadhari moja ambayo watu hawaambiwi: nguo na shuka zilizolowa mafuta haya zinashika moto haraka sana, kwa hiyo mtoto aliyepakwa akae mbali na jiko na mshumaa.

Kuoga ni mara moja kwa siku, maji ya uvuguvugu, dakika 5 hadi 10. Sabuni isiyo na manukato, tena kidogo, sehemu zinazoihitaji tu. Taulo ligusishwe mwilini, lisisugue. Zile dawa za mafuta za kumimina kwenye maji ya kuogea usitoe pesa yako. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2018 uliofuatilia watoto 482 haukuona zikiongeza nafuu ya maana juu ya matunzo ya kawaida.

Sasa steroidi. Woga huu naufahamu, na una chanzo cha kweli: steroidi kali zikipakwa muda mrefu, hasa usoni, zinakondesha ngozi. Lakini haidrokotizoni ya asilimia 1, ambayo ndiyo huandikwa kwa hali nyepesi, ni dhaifu, na ikitumika kwa vipindi vifupi kama ulivyoelekezwa haifanyi hivyo. Kinachowatesa watoto wengi ni kupakwa chembe kidogo siku mbili, kuachishwa vipele vikipungua nusu, kisha kuanza upya. Kipimo ni hiki: kamua dawa kwenye kidole chako cha shahada kuanzia ncha hadi mkunjo wa kwanza. Hiyo ni kama nusu gramu, na inatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima pamoja na vidole vyake. Ipake penye vipele tu, mara moja au mbili kwa siku kama ulivyoandikiwa, mpaka ngozi itulie na iwe laini. Acha kama nusu saa kati ya dawa na mafuta, ili mafuta yasiisambaze dawa kusikohitajika. Ngozi ikishatulia dawa inaachwa, mafuta yanaendelea.

Ngozi nyeusi inataka jicho la pekee. Vitabu vinasema wekundu, ila kwa watoto wetu wenye ngozi nyeusi utaona weusi uliozidi, rangi ya kijivu au zambarau, au huoni kitu kabisa. Mimi natumia vidole. Kila jioni wakati wa kupaka napitisha ncha za vidole nyuma ya goti, na siku mbili tatu kabla ya vipele kutokea panakuwa na vipunje, kama pamemwagiwa mchanga laini. Hapo ndipo naanza dawa. Nikisubiri kuona kwa macho, mwanangu anakuwa ameshakesha usiku akijikuna. Na usishtuke kukiwa na mabaka meupe au meusi baada ya kupona. Ni alama tu na huchukua miezi kurudi rangi yake, usiyaongezee dawa.

Kucha zikatwe fupi na zilainishwe ncha. Nguo za pamba, zisuuzwe mpaka povu liishe kabisa. Akitoka jasho, mfute na umbadilishe.

Chakula ndicho kinachozua mabishano zaidi. Utashauriwa umwachishe mayai, maziwa, samaki. Kwa hali nyepesi chakula mara nyingi si chanzo, na mtoto wa miaka miwili ukimkatia vyakula kwa kubahatisha unampunguzia lishe anayokulia. Akila kitu na muda mfupi baadaye midomo ikavimba au akatoka mabaka mwili mzima, hilo ni jambo la kumpeleka akapimwe. Akishindwa kupumua, mkimbize hospitali hapohapo.

Kama nyumbani kuna wengine wanaowashwa usiku, hasa katikati ya vidole, hiyo huenda ni upele wa kuambukizana (skabisi) na dawa yake ni tofauti. Baka la mviringo lenye ukingo ulioinuka na katikati kama pamepona huenda ni choa, yaani fangasi wa ngozi, na steroidi inaichochea.

Mwahishe hospitali ngozi ikitoa majimaji, ikiweka ukoko wa njano, ikiwa ya moto na kuuma, au akipata homa. Ukiona malengelenge madogo yaliyojikusanya, yanayouma na kuacha vidonda vya mviringo, nenda siku hiyohiyo, maana virusi vya malengelenge ya mdomoni vikiingia kwenye ngozi hii vinaweza kuwa hatari. Kwa sababu hiyo mtu mwenye malengelenge mdomoni asimbusu mtoto.

Mwisho, soma jina lililoandikwa kwenye tyubu unayotumia. Ikiwa ni haidrokotizoni, endelea kama nilivyoeleza. Ikiwa ni betamethasoni au klobetasoli, au mchanganyiko wa steroidi na dawa ya fangasi, hizo mara nyingi ni kali kwa mtoto mwenye hali nyepesi. Irudishe kwa daktari aiangalie, usiongeze tyubu nyingine dukani. Uandike hapa ni ipi, na umekuwa ukiipaka kwa muda gani kila inaporudi.